Rangi Nyeusi Chini ya Pikapu

Kwa Baba yangu, fundi wa vyombo vya bahari, Matondoni.

Assalaamu alaikum wa rahmatullahi. Baba, naomba karatasi hii ikukute umetoka msikitini, umekaa, umekunywa kahawa yako, na goti limekuachia nafasi ya kupumua. Bado linakusumbua asubuhi? Na Mama, kifua chake? Aliniambia amepona, lakini Mama huwa amepona hata akiwa anakohoa katikati ya neno. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila vidole tu. Baridi imevipasua mpaka siwezi kufunga kifungo cha shati bila kumtaja Mungu.

Najua utashangaa kwa nini nimeandika, na simu ipo. Simu yako, Baba, kila nikipiga unaifungulia sauti pale barazani, na nusu ya Matondoni hunisalimia kabla yako. Nililo nalo leo si la baraza. Barua nimempa Bi Zena, mama wa Lamu mjini ambaye ni muuguzi huku, anakuja kumuona mamake mgonjwa. Ameniahidi kukupa mkononi mwako, si mkononi mwa mtu mwingine. Isome peke yako kwanza.

Ni habari ya pikapu ya mwanao Athmani. Naogopa itaua watu. Nimelitanguliza neno hilo ili usidhani nazunguka, maana yanayofuata ni marefu kidogo.

Kazi yangu sijawahi kukueleza sawasawa. Huku kaskazini mwa Uingereza baridi ikikaza, barabara hushika barafu, na gari huteleza kama mtu aliyekanyaga mwani. Basi serikali hutoa malori yanayomwaga chumvi barabarani. Ndiyo, Baba, chumvi. Si ya kupikia, ni chumvi ya mawe, ina rangi ya udongo, na humwagwa maili kwa maili. Mama akiona atasema ni israfu na atawaombea toba. Barafu huyeyuka na watu hupita salama, lakini maji yale ya chumvi hurushwa na magurudumu, yakaingia chini ya gari na kukaa huko. Pikapu ndizo zinazoumia zaidi, kwa sababu zimejengwa juu ya chasisi, zile nguzo mbili ndefu za chuma zilizolala chini kutoka mbele hadi nyuma. Ndio mkuku wa gari, kama wa jahazi, kila kitu kimekaa juu yake. Na nguzo zenyewe zina uwazi ndani. Matope ya chumvi huingia kwa vitundu, yakajaa humo, na kutu huanza kula kutoka ndani kuja nje.

Mimi ndiye ninayelala chini ya magari hayo. Nakwangua, nagonga, napuliza mafuta ndani ya chuma ambacho bado kina uhai. Jioni natema kutu na kupenga kutu. Mwenye nyumba wangu amenikataza kukalia kiti chake cha kitambaa, na simlaumu.

Sasa sikiliza, Baba. Nilipokuwa bado mgeni pale gereji, mzee mmoja mfugaji wa kondoo alileta pikapu yake. Tukaiinua. Chini ilikuwa nyeusi tititi, imepakwa rangi nzito kama lami, inang'aa. Nilifurahi, nikamwambia mwenzangu, "Hii ina mwenyewe." Yaani nilisema maneno yako, yale unayokisifia chombo kilichotunzwa. Maana kwetu chombo kilichopakwa shahamu na chokaa upya tumboni ni chombo kilichokwisha kukaguliwa. Hakuna fundi Matondoni atakayepaka juu ya ubao uliooza, bora afe njaa. Mwenzangu akacheka, akanipa nyundo, akasema, "Gonga hapo, juu ya springi." Nikagonga. Nyundo ikazama mpaka kwenye mpini. Nilipoivuta ilitoka na maganda ya kutu, tabaka juu ya tabaka, kama kitunguu kilichooza.

Huku, Baba, wapo wanaopaka kwa sababu kimeoza. Wafanyabiashara wa magari makuukuu huyanunua kwa bei ya kutupa, huyapaka weusi chini, wakayauza mbali, ambako mnunuzi hajui chumvi ya barabarani ni kitu gani. Rangi ile si dawa, ni sanda. Na tena hufungia unyevu ndani, chuma kikazidi kuliwa.

Yule mzee wa kondoo tulimwambia asiondoke na gari. Akasema ana mifugo ya kupeleka mnadani, atairudisha baadaye. Gari ni lake, akalichukua. Likakatika mlimani, nyuma ya pale anapokaa dereva. Mbele kulikwenda njia yake na nyuma njia yake. Hakufa, lakini hajasimama kwa miguu yake mpaka leo, na mkewe huja gereji kutuuliza kwa nini tulimuacha aondoke nalo.

Athmani aliponiletea video ya siku ile mlipoivusha pikapu kutoka Mokowe mpaka Mtangawanda, ianze kuwabeba abiria na watoto wa skuli wa Siyu, niliitazama nikiwa nacheka. Nilikuona wewe ukiamrisha watu na mbao na kamba kama unashusha jahazi. Nikaona mmesoma dua, sinia za wali zimepangwa, na Athmani hataki mtu apande mpaka Baba aitazame kwanza, kama chombo kinavyotazamwa kabla ya kushushwa majini. Ukaingia chini na goti lako hilo. Ukatoka na mchanga kwenye kanzu, ukasema, "Ina mwenyewe hini. Pakiani." Watu wakashangilia. Kisha Athmani akainamisha simu ili nione chini yake mwenyewe, kwa kujivuna.

Hapo kicheko kilinikauka. Chini ni nyeusi tititi, Baba. Na juu ya springi ya nyuma, upande wa kushoto, rangi imefura kama chapati inavyofura kwenye kikaango. Chuma kizima hakifuri. Nikairudisha video, nikaisimamisha, nikaiangalia mpaka mwenzangu akaniuliza nani amefariki. Kwenye kioo cha nyuma bado imebandikwa karatasi ya duka lililoiuza mara ya kwanza, na mji ulioandikwa pale ni jirani na huu ninaokaa. Gari la Athmani limeoga chumvi hii hii inayonipasua vidole.

Nilimpigia siku ile ile. Nilidhani nazungumza kwa upole, lakini labda sikuwa mpole.

"Hiyo ni kutu ya huko kwenu," akanijibu. "Umekaa nti za watu mpaka ndia za huku umezisahau. Siyu kuna barafu?"

"Kutu haingoji barafu, Athmani. Chumvi imo ndani tangu zamani. Na wewe nimekuona kwenye video waiosha kwa maji ya bahari pale gatini."

"Mai ya kisima ni ya watu kunywa. Na Baba ameitazama. Ama wamwambia Baba hana mato?"

Hapo alinishika. Kisha akaongeza, "Sema tu, Shee. Wewe ndiwe uliyekwenda mbali, ikawa mimi niliyebaki ndiye mwenye gari. Hilo ndilo lakukereketa."

Nikamwambia yule mzee wa kondoo hatembei tena. Akasema ajali haina kinga, akakata simu. Tangu hapo hapokei. Kuwa mdogo wangu anafikiri namuonea choyo kumeniuma kuliko baridi yote ya nchi hii.

Basi nikafanya nililoweza kulifanya. Nilimwambia mke wangu Fatuma, huko Siyu, asimpandishe binti yetu Mwanaesha tena kwenda skuli. Anatembea sasa, na bibi yake wa Siyu humsindikiza, wanatoka alfajiri na jua likiwaka wanarudi. Nikapata usingizi, Baba, nasema kweli, nililala. Kisha Fatuma akanitumia sauti. Mama mmoja kati ya wenye watoto amemuuliza kisimani, "Kwani gari la shemejio lina nini, mbona wako humpandishi?" Fatuma akaona haya kumtia shemeji yake aibu mbele ya watu, akajibu mtoto hutapika akipanda gari. Yule mama akasema maskini, mpe tangawizi. Kisha akampandisha wa kwake, akamfunga mtandio vizuri, akamuaga.

Usingizi umenitoka tena. Nimemuondoa wangu, nikawaacha wa wenzangu humo humo, na mke wangu nimemfanya muongo. Kila wakati nikiwa nimelala chini ya gari la mtu, namuona yule mtoto mwenye mtandio.

Ndipo nikakaa kukuandikia, na nimeichana barua hii zaidi ya mara moja. Mimi ni nani wa kukwambia kuwa umekosea? Nilijifunza kushika nyundo kwa kuitazama mikono yako. Umeunda vyombo vimekwenda Mombasa na kurudi kabla mimi sijajua kuogelea, na hakuna hata kimoja kilichomzamisha mtu. Ulichokiona ulikiona sawasawa, kwa kanuni ya watu waaminifu. Ila gari hili halikupakwa na mtu muaminifu. Mimi nilidanganywa na weusi ule ule, na mimi kazi yangu ni hiyo hiyo, tena nipo kwenye nchi yenyewe.

Lakini Baba, lazima nilitamke. Watu wa Siyu hawapandi pikapu ya Athmani, wanapanda neno lako. Mama mwenye mtoto hakuingia chini kutazama. Alisikia kwamba fundi wa Matondoni ameitazama akasema pakiani, naye akampakia mwanawe. Mimi nikipiga kelele kutoka huku ni mwenye choyo. Athmani hawezi kujikataza mwenyewe, kwa kuwa ameuza mashua uliyomuundia ili alipate gari hili. Anayeweza kuwashusha watu ni wewe peke yako.

Nakuomba uvuke uende Siyu. Usiende kama mtu aliyeitwa. Nenda kama fundi anayetaka kukitazama chombo chake baada ya kuonja maji, hakuna atakayeuliza. Chukua nyundo ndogo na patasi. Ukiingia chini, usitazame, gonga. Anzia mbele, uje nyuma polepole, na usikilize vile unavyousikiliza ubao ulioingiwa na yule mdudu wa baharini, anayeacha uso mzima akala moyo. Unanikumbuka nikikuuliza umejuaje umeliwa, na kwa nje ubao ni mzuri? Chuma kizima hulia kengele. Kilichooza hujibu kama ukuta wa udongo. Ukifika juu ya springi za nyuma, kwangua ule weusi kwa patasi, hasa kushoto pale palipofura. Likitokea tundu, hata dogo la kuingia kidole, imekwisha, gari lisitembee. Wapo watakaokwambia litachomelewa kiraka. Kiraka kitashikamana na nini, Baba, ikiwa pembeni yake kote kumeoza? Wewe huwezi kupigilia msumari kwenye chicha.

Na kama nimekosea, kama utagonga mbele mpaka nyuma na chuma kikalia kengele, basi nipigie simu, uifungulie sauti barazani, unicheke pamoja na Matondoni nzima. Nitacheka nanyi. Nitamuomba Athmani radhi mbele ya watu wote na sitaona haya hata kidogo.

Mpe Mama salamu zangu, mwambie soksi alizoniletea nazivaa mbili mbili. Umsalimie amu Kassim, na umwambie kilemba chake nimekifunga shingoni, Waingereza wanakisifu. Msalimie na maalim wa madrasa aliyenivumilia, nahitaji dua yake sasa kuliko zamani. Ukifika Siyu mpe pole Fatuma kwa uongo niliomsababishia, na umbusu Mwanaesha miguu yake inayotembea.

Na Athmani. Salamu zangu hatazipokea, lakini mpelekee hivyo hivyo. Usimwambie nimeandika. Iwe umeona mwenyewe, ili awe amemtii babake, asiwe ameshindwa na kakake. Atakasirika. Atasema mashua hana na gari hana, na muache aseme, ana haki ya kusema. Akimaliza, muombe ufunguo.

Mimi na wewe na kila mtu, Baba, tukilifikiria gari hili tunawafikiria wale wa nyuma, wanaopanda safari moja wakashuka. Athmani, mwenye kushika usukani, hupanda zote.

Ni mimi mwanao,
Shee