Rangi Nyekundu kwenye Ukuta wa Bi Mwanahawa

Jumatano, masika. Mvua haijanyesha tangu asubuhi, lakini mawingu yameshuka mpaka juu ya maghorofa ya Kariakoo, na wenye maduka hapa chini wameshafunika mizigo kwa maturubai. Naogopa. Naliandika hilo mwanzoni kabisa ili nisije nikajificha nyuma ya maneno.

Mnaosoma hapa mnaijua kazi yangu: mimi ni mtu wa samaki katika mradi wa kuurudishia uhai mto Msimbazi, pale Jangwani. Tunataka kambale na perege warudi, na watu wa bondeni waweze kuvua tena bila kuogopa maradhi. Kambale hutaga kwenye maji ya mafuriko yaliyotulia kando ya mto, kwa hiyo kwanza tulitaka kujua maji hutulia wapi, ili tuwachimbie bwawa la kuzalia hapo.

Ijumaa nilipita nyumba kwa nyumba nikiuliza mafuriko yalifika wapi. Mtu akinionyesha, napiga mstari ukutani kwa brashi. Rangi ya bluu iliniishia kazi ikiwa haijafika nusu. Nikaenda dukani, nikarudi na nyekundu.

Mtoto wa mjini mimi, niliyekulia Upanga, nikasahau kwamba Dar nzima rangi nyekundu ukutani ina maana moja tu. Bomoa.

Jumatatu mwenyekiti wa mtaa akanipigia simu, niende haraka. Nilimkuta Bi Mwanahawa, mama mwenye asili ya Kilindi anayeuza samaki wa kukaanga, ameshaezua nusu ya paa lake. Mabati ameyapanga chini, misumari ameitia kwenye kopo. Hakuwa akilia. Alisema majirani wamemhakikishia kwamba nyekundu ni ya kubomoa, na bora ayatoe mabati mwenyewe kuliko kusubiri tingatinga liyakunje.

Nilimwamkia, akaitika marahaba bila kunitazama. Nikamweleza kwamba ule mstari ni wa kupimia maji tu, basi. Majirani walikuwa wamejaa uani. Akaniuliza swali moja.

"Mwanangu, nyumba yangu haiguswi?"

"Haiguswi, mama."

Nilisema hivyo kwa sababu alikuwa amesimama juani ndani ya chumba chake mwenyewe, na kwa sababu nilitaka wale majirani waache kunitazama. Ramani sikuwa nimeiangalia.

Leo nimeiangalia.

Ofisini Posta tumeingiza mistari yote kwenye kompyuta. Mahali ambapo maji hukaa siku nyingi kuliko kote, pazuri kuliko pote kwa mazalia, ni nyuma ya jiko la Bi Mwanahawa. Bwawa likichimbwa hapo linameza jiko na vyumba vyote viwili. Na aliyenionyesha ni yeye. Ijumaa ile alinishika mkono akanipeleka nyuma ya jiko, akanisimulia huku akicheka jinsi zamani walivyokuwa wakiokota kambale kwa ndoo maji yakipungua. Niliandika kila neno, nimefurahi kweli.

Mkuu wangu naye amefurahi. Amesema mama atalipwa fidia, mambo ya kawaida, na kwamba nisiseme kitu mpaka mpango upitishwe. Nimeitikia kwa kichwa. Kisha nimerudi mezani kwangu kuiangalia ramani tena.

Bwawa linaweza kusogezwa chini kidogo, kule kusikokuwa na nyumba. Samaki watakuwa wachache zaidi, na itabidi nilitetee hilo mbele ya watu walionizidi vyeo na umri. Naogopa kupoteza kazi, nisiseme uongo. Ila kuna kinachonitisha zaidi: kichwa changu kilivyoitikia upesi leo, kana kwamba kimezoea.

Saa kumi jioni simu imeita. Ni Bi Mwanahawa. Anasema amemaliza kugongelea bati la mwisho, mvua sasa inyeshe inavyotaka, na Mungu anibariki kwa kumtoa hofu.

Nimesema amina. Midomo yangu hii hii.

Kesho asubuhi, kabla ya ofisi, nakwenda kwake kumwambia kwamba nilimwahidi kitu nisichokijua. Nimeshapanga nguo, nimeshapanga njia. Ninachokosa ni neno la kuanzia tu: nikishamwamkia, akaitika, nitasema nini?