Koti ya Baba Yako

Mukami,

Jirani Karwitha aliwahi kuniuliza, "Utakamua ukiwa na koti ya marehemu mpaka lini?" Nilicheka tu.

Niko kanisani. Uji iko kwa thamosi. Ng'ombe mkatie nyasi kabla jua iwake. ~~Peleka maziwa~~ Maziwa hakuna leo.

Umepanga nyumba vizuri, sikatai. Ungeachiwa ungefua hata kuku. Lakini hiyo koti uliyofua jana, ng'ombe alikuwa akiinusa ndipo aachilie maziwa. Leo amenusa sabuni, akanyima. Akaangalia mlango nyuma yangu, masikio juu, kama mtu ameingia. Nikaomba Mungu. Sikugeuka.

Kofia ya baba yako ~~ifue pia~~ usiiguse.

Ulipokuja zizini ukasema, "Mama, si nimetoa uchafu tu?" Mwanangu, hiyo harufu ndiyo ilikuwa imebaki ya baba yako. Hata mimi nilikuwa nikiinusa kila asubuhi. Nilishindwa kukuambia, ndiyo maana niliweka ndoo chini nikatoka.

Mama