Gurudumu Lililokosa Kitovu

4 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na karakana haikuchoshi. Mimi mzima wa mwili, ila kichwa kimejaa.

Najua ulitaka nibaki nawe kwenye mashine ya kukereza vyuma, na tangu nije huku ofisi ya michoro hujaniandikia. Leo nina shida. Pampu ya maji ya hospitali imeharibika. Gurudumu lake la ndani limesambaratika. Kimebaki kipande cha ukingo, hata nusu hakifiki. Kiwanda kilicholitengeneza kilishafungwa. Nimepewa kulichora upya kwenye kompyuta ili wahunzi walifue jipya, na huko wodini wanabeba maji kwa ndoo.

Nikitaka duara, naonyesha kitovu kisha navuta hadi ukingoni. Sasa kitovu chenyewe ndicho kilichovunjika. Nimekisia mara nne, na mara zote duara linapita kando ya kipande. Wewe ungefanyaje?

Mwanao

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo, linanifikisha ninakokwenda. Unakula vizuri?

Acha kukisia. Weka nukta tatu ukingoni, zikae mbalimbali; zikibanana, kosa la unywele litakuvurugia duara zima. Unganisha ya kwanza na ya pili, kisha ya pili na ya tatu. Kila mstari ugawe katikati, na hapo katikati usimamishe mwingine wima. Hiyo miwili inapokatana, ndipo penye kitovu. Nimefanya hivyo kwa chaki miaka ishirini na sita.

Lakini kwanza pitisha ukucha. Palipo salama utasikia vijistari vilivyoachwa na kisu cha mashine. Panapoteleza pamelika, usiweke nukta hapo.

Kama kompyuta yako hailijui hili, basi sijui inajua nini.

Mama

17 Machi

Mama,

Shikamoo. Habari za hapo? Mimi leo nimelala vizuri kwa mara ya kwanza.

Inalijua. Kuna kitufe cha duara la nukta tatu, sikuwahi kukigusa. Nilibonyeza mara tatu, duara likajifunga lenyewe. Nikabaki nalitazama kama mjinga.

Shida ikawa mkuu wetu. Yeye alipata kipenyo cha milimita 318, mimi 324. Likiwa dogo, maji hayafiki ghorofani, likizidi, linakwama.

"Unanisahihisha?" akaniuliza mbele ya watu.

Nikamwomba apitishe ukucha pale alipoweka nukta zake. Akapitisha, akapitisha tena.

"Nani kakufundisha?"

"Mama."

"Ni mhandisi?"

"Mkerezaji."

Akaifuta namba yake mwenyewe.

Halafu kuna hili. Programu hii inakuruhusu kukipa kipimo jina, na vingine ukavifunga kwake. Ukikibadilisha, mapanga ya gurudumu na matundu ya bolti vyote vinajipanga upya kukifuata. Nusu kipenyo nimekiita "mama". Nimeomba pia gurudumu likishafuliwa lije kukerezwa kwenu. Wamekubali.

Mwanao

28 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Mimi sijambo. Nisamehe kwa ukimya, mikono ilikuwa na kazi.

Gurudumu lilifika pamoja na mchoro wako na kile kipande. Sitakuficha, sikukuamini. Mchoro wa mtu siuamini, hata wa niliyemzaa. Nililaza kipande mezani, nikachukua chaki, nikaweka nukta zangu tatu. Kisha nikafuta, nikaweka nyingine tatu mahali pengine. Mara zote mbili nikapata mia tatu ishirini na nne.

Nilikereza siku mbili, na kwenda kulifunga nikaenda mwenyewe. Pampu ilikohoa kidogo, ikakaa sawa. Muuguzi wa ghorofa ya tatu akatoa kichwa dirishani, mkono umelowa hadi kwenye kiwiko, akasema, "Yamefika." Fundi wa pampu aliinama kuficha macho, akajifanya anakusanya spana. Na mimi nilijifanya hivyo hivyo.

Mchoro wako nimeubandika ukutani, mbele ya macho yangu ninapofanya kazi. Nimeutafutia kosa tangu siku ulipofika. Silioni.

Mama yako