Udongo wa Ludwik

Sanok,
9 Oktoba 2016

Mpendwa Shangazi Mirosława,

Leo nimeapa kukueleza yote, hata yale yanayoniaibisha.

Kwanza, shikamoo. Hujambo huko Bologna? Goti lako limepona, au bado linakusumbua ukipanda ngazi? Sisi tu wazima. Baba amemaliza kupasua kuni za majira ya baridi, na Mama amepika jamu mpaka mitungi imekwisha. Macho ya Bibi Leokadia yamezidi kufifia, lakini masikio yake humsikia hata paka anayenyemelea siagi.

Sasa habari ya ule udongo uliofika Juni pamoja na uyoga mkavu. Haukuwa wa maua yako, Shangazi. Bibi aliuchota mwenyewe kwa kijiko, chini ya mpeasi wa nyumbani kwao, ili uumwage juu ya kaburi la kaka yake Ludwik. Wajua kwamba alivuka milima kwenda jeshini mwaka 1940, Bibi akiwa na miaka tisa, na kwamba amelala huko kwenu, katika makaburi ya askari wetu wa Poland. Barua ya maelezo niliiandika mimi. Niliinakili kwa mwandiko mzuri, kisha nikaisahau ndani ya daftari la historia. Kifurushi kikaondoka bila neno.

Kadi yako ilipokuja Agosti, Bibi aliniambia nimsomee. Ulishukuru kwa udongo mweusi wa nyumbani, ukasema umepandia mrehani nao umestawi dirishani. Ulimi wangu ulikataa. Nikasoma kwamba umeumwaga kaburini, ukasali. Bibi alinishika mkono, akasema, "Basi Ludwik amefika nyumbani."

Nilidhani yameisha. Lakini juzi Baba alileta taa za Sikukuu ya Watakatifu Wote, naye Bibi akamrudishia moja. Kila mwaka huiwasha chini ya msalaba mkubwa wa makaburini, pale tunapowawashia waliozikwa mbali.

"Ya Ludwik sitaki tena," alisema. "Ana udongo wake sasa. Msalaba tuwaachie wasio na mtu."

Ludwik alikuwa amekosa udongo, na sasa angekosa hata taa, kwa sababu yangu. Jana, tukimenya viazi, nilimwambia.

"Wewe Kalina! Umenisomea kadi ambayo haikuandikwa?"

"Nisamehe, Bibi."

"Na udongo uko wapi?"

"Shangazi amepandia mrehani."

Kisu chake kilisimama. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka.

"Masikini Ludwik! Alikuwa akiona jembe tu, anapanda mti kujificha. Sasa bustani imemfuata mpaka Italia!"

Alipomaliza kucheka alifuta macho kwa aproni, akaniambia, "Usinisomee uongo tena, hata ukiwa mtamu. Macho yangu ndiyo hayo yako." Akanisukumia beseni lote la viazi, nimenye peke yangu. Nilimenya kwa furaha.

Shangazi, Bibi anakuomba usiung'oe huo mrehani. Asema mizizi imekwisha kuushika udongo, na kuitenganisha ni dhambi. Uupeleke na chungu chake, uuweke kwenye jiwe lenye jina la Ludwik Pelczar. Ile taa Baba ameihifadhi juu ya kabati. Ukishindwa kwenda, Bibi ataiwasha msalabani kama zamani, wala hatakulaumu.

Nisalimie Mjomba Renzo, na binamu yangu Tosca pia. Mwambie ninajifunza maneno ya Kiitaliano aliyonifundisha. Bibi, Baba na Mama wanakusalimu sana. Mungu akutunze, akulegezee goti hilo.

Bibi ameuliza mara tatu tangu asubuhi, nami nimeahidi kumsomea jibu lako neno kwa neno, liwe lolote. Basi nijibu upesi, kabla ya sikukuu ya tarehe mosi Novemba: mrehani bado u hai?

Wako akupendaye,
Kalina