Unga wa Baba Mkubwa Gaudensi

Bweni la wasichana,
Dar es Salaam.
Jumapili, baada ya misa.

Baba yangu,

Shikamoo. Kabla ya kushika kalamu nimechutama na kupiga makofi kama ulivyonifundisha, ingawa nimefanya hivyo mlango ukiwa umefungwa. Kwa nini niliufunga utaelewa mbele. Goti lako linaendeleaje na baridi ya mwezi huu? Mama bado anakohoa asubuhi akitoka kuwasha moto? Ulezi mmeshaupura au bado uko kichanjani? Mimi mwili wangu ni mzima. Nakula, nalala, na mitihani nimefaulu yote. Ninachoumwa si kitu cha kupeleka hospitali.

Baba, najua barua zangu kaka Desideri huzisoma kwa sauti mkiwa wote jikoni mnaota moto. Hii nakuomba uisome peke yako kwanza. Kaa nje penye mwanga, uvae miwani, umalize, halafu uamue mwenyewe kama wengine waisikie. Sikuitia posta. Nimempa mkononi Sista mmoja anayerudi Sumbawanga kesho, kwa sababu lazima ikufikie kabla pombe ya siku ya jina haijachujwa. Nakuomba mtoto wa Desideri asipewe jina la Baba mkubwa Gaudensi. Asipewe bado. Nilikudanganya. Sikumwita.

Nitaeleza kwa utaratibu, maana nikiruka hata kidogo nitakuwa nadanganya tena.

Siku ile kituo cha mabasi, mwaka juzi, ulinipa ule mfuko mdogo wa kitambaa cha marekani alioushona Mama, ndani yake unga wa ulezi aliousaga kwa jiwe mwenyewe, kwa kuwa wa mashineni huchanganyika na mahindi ya watu. Uliniambia maneno ambayo mpaka leo nayakumbuka moja moja. Kwamba kaka yako alichukuliwa kwenda vita vya Mwingereza wewe ukiwa bado unachunga mbuzi. Kwamba Mzee Krisanti wa Mwimbi, aliyekuwa naye jeshini akarudi, alisema walipiga kambi ufukweni, mahali penye mzinga mkubwa unaotazama bahari, na asubuhi moja kikosi cha Gaudensi kikapandishwa meli kwenda Bama, kupigana na Wajapani. Hakuna aliyeleta habari yake tena. Ukasema, "Pale ndipo unyayo wake ulipokanyaga nchi yetu mara ya mwisho. Ukafike, uchutame, upige makofi, umwage unga, umwite jina, umwambie arudi nyumbani." Basi likawa linanguruma na kondakta anapiga kelele, na mimi nikasema, "Ndiyo, Baba," upesi upesi, kama mtu anayeagizwa chumvi.

Mahali pale papo kweli. Sasa ni bustani ya watu wote. Wajerumani waliweka mzinga, Waingereza wakaweka askari, jeshi letu nalo likakaa, halafu likahama na uzio ukaondolewa. Lile jengo la silaha limebaki kuta tupu, watoto hujificha humo wakicheza. Tangu biashara ziachiwe huru, upande mmoja amekodishwa mfanyabiashara, ameweka viti vya plastiki, jokofu la soda za makopo, na muziki unaopiga kutwa. Maharusi huja kupiga picha. Wanaupanda mzinga, bwana harusi huku, bibi harusi kule, na shela linaning'inia mdomoni mwa mzinga.

Nilikwenda mara ya kwanza muhula ule ule wa kwanza, Jumapili, na wenzangu wa bweni. Unga ulikuwa kwenye mkoba wangu. Nilitaka niwaache wanunue mishkaki, mimi nijitenge kidogo upande wa mzinga, nifanye haraka. Sasa sikiliza, Baba, jambo ambalo sikuwahi kukuandikia. Huku mtu akisema anatoka Sumbawanga, watu hucheka kwanza, halafu husogea. Sumbawanga kwao maana yake uchawi na radi za kutumiana. Wiki ya kwanza kabisa mhadhiri aliita majina na mikoa, na kijana mmoja aliyetaja Rukwa, mkoa wetu, akaitwa "Radi" tangu siku hiyo. Wanamuuliza, "Radi, leo umekuja kwa basi au kwa ungo?" Anacheka nao. Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye orodha. Nilisema, "Mbeya."

Neno moja. Sikulipanga. Likatoka, na baada ya hapo likabidi lilishwe kila siku.

Kwa hiyo siku ile pale bustanini nilipoingiza mkono kwenye mkoba, Rehema, msichana wa Tanga ninayekaa naye chumba kimoja, akauona mfuko. Yeye ana macho.

"We Felista, nini hicho? Umefunga dawa?"

"Dawa gani? Unga."

"Unga? Mtu anakuja pwani na unga?"

"Ni wa uji," nikasema. "Nilisahau kuutoa."

Wengine wakageuka. Mmoja akasema, "Ungekuwa mtu wa Sumbawanga tungekukimbia hapa hapa!" Wakacheka, na mimi nikacheka, Baba. Nilicheka zaidi yao. Nikitazama ule mzinga nikafikiria kuchutama mbele ya wale watu, mbele ya bibi harusi na wauza soda, na nikaona kitu kisichowezekana, kama kuvua nguo.

Yangeishia hapo tu, kosa lingekuwa woga. Lakini jioni Rehema akasema, "Haya mtu wa Mbeya, tunywe huo uji basi." Nikaona nikikataa watajua. Nikauchukua mfuko, nikafungua uzi wa Mama kwa meno, nikaumimina kwenye sufuria juu ya jiko la umeme. Nikaupika vizuri, ukawa laini, nikatia sukari na ndimu. Tulikuwa wanne. Wakausifu. Rehema akaomba tena, nikamwongezea. Mimi nilikunywa kikombe kizima, na haya ninayoandika sasa ndiyo mabaya kuliko yote: ulikuwa mtamu. Ulikuwa na harufu ya jikoni kwetu. Niliufurahia mpaka nikalamba kijiko.

Wiki iliyofuata nikakuandikia kwamba nimefika, nimechutama, nimemwaga unga na kumwita, na bahari ilikuwa shwari. Hilo la bahari kuwa shwari niliongeza ili barua ipendeze.

Ukanijibu mistari mitatu tu. Ukasema tangu upate barua umelala usingizi ambao hukuulala tangu utoto. Niliiweka chini ya godoro. Nilijiambia, basi, kumbe uongo umefanya kazi njema, mzee amepumzika, nani ameumia? Nina elimu, nilijua kuupanga uongo huo ukae vizuri kichwani. Unga ni unga, nilisema. Mfu hali chakula. Lakini sikuweza tena kunywa uji, na Rehema alikuwa akiniuliza kwa nini.

Halafu mwezi uliopita ikaja barua yako ndefu. Mke wa Desideri amejifungua wa kiume, mnamwita Mgeni mpaka siku ya jina, Padri amekubali kumtaja marehemu kwenye misa, Mama amelowesha ulezi wa kimea, shangazi anakuja kutoka Mwimbi. Na chini kabisa, kwa mwandiko wako mwenyewe, si wa Desideri: "Nimesahau kukuuliza. Ulipomwita, uliita kwa sauti? Maana kaka alikuwa hasikii vizuri sikio la kushoto. Alikuwa anageuza kichwa hivi ukimwita. Waandikishaji hawakujua."

Baba, niliisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi, nikakaa hapo hapo, watu wakanipita. Mpaka siku hiyo Baba mkubwa Gaudensi kwangu alikuwa jina. Ghafla akawa kijana anayegeuza kichwa.

Jumamosi ya wiki iliyofuata nikaenda peke yangu asubuhi, kabla ya muziki. Sikuwa na unga. Madukani huku kuna wa lishe kwenye paketi, umechanganywa na karanga na soya, una picha ya mtoto mnene. Niliushika dukani, nikaurudisha. Nisingeweza kumpa kitu cha kudanganyia tena.

Bustanini kulikuwa na mama anayefagia na mpiga picha mmoja anayefuta kamera yake. Nikaenda mpaka kwenye mzinga. Nikachutama. Nikapiga makofi taratibu kama tunavyowasalimu wakubwa. Nikasikia nyuma:

"Anti! Mzinga haupokei salamu huo, umestaafu! Panda juu nikupige moja ya kumpelekea mchumba."

Sikugeuka.

"Anti, unasali au unatafuta hereni?"

"Namsalimu baba yangu mkubwa."

"Yuko wapi?"

"Alipandia meli hapa. Alikuwa askari."

Akaacha kufuta kamera. Halafu, "Watu wa wapi nyie, mnaosalimia kwa makofi?"

Nilihisi lile neno Mbeya likija lenyewe, mdomoni kabisa, limezoea njia. Nikalimeza. Nikasema, "Sumbawanga."

"Mama yangu!" Akaikumbatia kamera kifuani. "Dada, taratibu na radi, kamera yenyewe ya kuazima hii!" Mama anayefagia akaegemea ufagio akicheka mpaka akafuta macho. Wakapita vijana wawili, akawaambia, "Jamani, huyu wa Sumbawanga, msimkanyage kivuli!" Nao wakacheka.

Basi, hayo ndiyo yaliyokuwepo, Baba. Kicheko tu. Kilidumu muda wa mtu kufunga kamba za viatu, halafu vijana wakaenda zao na mama akaendelea kufagia. Kwa ajili ya hicho nilikula chakula cha kaka yako na kukuibia ukweli mwaka mzima na nusu. Nilitamani wangenipiga mawe, angalau ningekuwa niliogopa kitu chenye uzito.

Nilibaki nimechutama. Nilitaka kumwita. Nilivuta pumzi kabisa. Lakini nilijiuliza, nimwite nimwambie nini? Arudi kwa unga upi? Wala sikujua uso wake umeelekea wapi, sikio lake zima liko upande gani wa bahari. Nikasema tu, kwa sauti, ili kama yupo asikie: "Baba mkubwa, mimi ni Felista wa mdogo wako. Niliagizwa kwako, mzigo wako nikaula njiani. Nitamwambia Baba." Ndicho nilichosema. Jina lake sikuliita.

Jioni nikamwambia Rehema yote. Alikuwa anasuka nywele, akaacha.

"Tulikunywa sadaka ya marehemu?"

"Ndiyo."

"Na mimi nikaomba tena?"

"Ndiyo."

Akanigeukia, akasema, "Bibi wee, kwetu nasi tunapeleka ubani makaburini. Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenicheka."

"Ningekucheka, ndiyo. Halafu ningekusindikiza." Baadaye akaniomba nikuandikie kwamba hakujua, na kwamba anakuomba radhi, mzee wangu. Yeye ndiye anayeomba radhi, Baba. Mimi bado sijathubutu kuandika neno hilo, kwa kuwa nilikuwa najua.

Nisalimie Mama, shikamoo yake nyingi, na usimwambie habari ya uzi nilioufungua kwa meno mpaka nije nimwambie mwenyewe. Nisalimie Desideri, mwambie najua atakasirika kuhusu pombe, na ana haki. Nisalimie shemeji na uzazi wake. Shangazi akishafika asirudi Mwimbi kwa hasira juu yako. Mwambie ni mimi. Mgeni mnibusie kisogoni. Aendelee kuitwa Mgeni kidogo.

Ndani ya bahasha utakuta vitu viwili. Kimoja ni picha. Yule mpiga picha alinipiga nikiwa nimechutama, bila kuniuliza, akanipa nilipopita tena Alhamisi. Alisema hawezi kuitupa na hawezi kubaki nayo. Utaona mzinga, na bahari nyuma. Mahali ulipopataja ni hapo, upatazame.

Cha pili ni mfuko. Nilikuwa nimeuficha kwenye kitabu, haujafuliwa. Nilipoutoa ili nikurudishie nikaona kwenye pindo la chini, ndani ya mshono, umebaki unga. Ni kidogo, labda ncha ya kidole. Nilikaa nao kitandani muda mrefu. Ningeweza kwenda tena asubuhi, nikaukung'uta pale na kumwita, na nisikuandikie haya. Ungekuwa unga wa Mama kweli, na jina lingeitwa kweli. Sikuukung'uta. Si wangu kuumwaga mpaka uniambie. Kama utasema nimwite, urudishe mfuko huu huu, nami nitamwita kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Kama utasema nisimguse, utakuja wewe uliyemwona akigeuza kichwa, nami nitakuonyesha njia na kusimama mbali.

Nangoja neno lako.

Mwanao,
Felista,
wa Milanzi, Sumbawanga.