Baba, Pango Lako Limeenea Temeke

Mpendwa Baba,

Shikamoo huko uliko. Nakuandikia Siwema akiwa amelala mapajani, kwa hiyo mwandiko ukipinda usinicheke. Ameanza kuota meno, na mie sijalala vizuri wiki nzima. Lakini leo sina manung'uniko. Leo nina la kujivunia, na mtu wa kwanza kuambiwa ni wewe.

Unaikumbuka masika ile tulipokuwa tumepanga Keko? Mvua ikishika huwezi kuchonga nje, na ukichonga ndani vumbi la mpingo linaingia kwenye mboga ya mama. Basi ulikuwa ukichukua kipande cha mkaa unachora pango sakafuni: vyumba, njia nyembamba, kisima, ghala la mfalme aliyekufa zamani. Mie nilikuwa harage. Unaliweka harage mdomoni mwa pango, unashusha sauti: "Umeingia. Kulia unasikia ngurumo. Kushoto kunanuka moshi. Unafanyaje?" Nikisema nakwenda kushoto, unanipa kauri nizitupe. Zikilala vizuri nimepita, zikilala vibaya moshi umenizidi. Na mama nyuma ya pazia: "Na huyu mwenye sufuria tupu, naye anafanyaje?"

Hukunionea huruma hata mara moja. Nikifa nimekufa. Nikinuna, unafuta sakafu kwa kitambaa na kusema, "Kesho lina milango mingine." Nilikuwaga nalala nikiwaza hiyo milango.

Kifua kilipokubana na mikono ikakataa patasi, mie nilikuwa nimeshaolewa huku Temeke, tena na mimba ya huyu. Nilikuwa nimeanza kusaidia kisomo cha watu wazima kwenye banda la tawi la chama. Darasa la saba langu lilionekana linatosha kuwafundisha akina mama wenzangu kusoma. Mwalimu Agnes, mkuu wa kisomo, alikuwa akitoa karatasi zetu za masomo kwenye mashine ya kurudufu ya shule, ile ya kuzungusha kwa mkono. Nikamwomba stensili, ile karatasi laini ya nta: ukiikwaruza kwa kalamu ya chuma, wino unapita palepale ulipokwaruza. Nikaja nayo kitandani kwako nikasema, "Baba, safari hii pango halifutwi."

Ya kwanza iliharibika. Nilichora kisima duara kamili, kipande cha katikati kikadondoka, mashine ikatoa dude jeusi kama sufuria iliyounguza wali. Nilipokuletea, ulicheka mpaka ukakohoa. "Umekata pande zote, katikati pashikwe na nini? Acha upenyo." Kisha ukafikiri kidogo, ukaongeza, "Basi na atakayetumbukia, atatokea hapohapo." Sheria ya kisima ikazaliwa hivyo.

Mwamba hatukuupaka mweusi, maana nta ingechanika. Ulinishika mkono tukauchora kwa mistari mifupi mifupi, mingine imelalia huku, mingine kule, kama alama za patasi unazoziachaga mgongoni mwa kinyago. Njia tukazigawa miraba, ukaipima kwa harage lenyewe, likae bila kugusa ukuta. Ila njia ya mwisho uliiacha wazi mpaka ukingo wa karatasi. Nikakuuliza inakwenda wapi. Ukasema, "Sijui. Mie nimechoka. Utaona wewe."

Hukuona hata karatasi moja ya stensili hiyo ya pili ikitoka mashineni. Tulikuzika, nikajifungua, na stensili ikabaki imelala ndani ya kanga yangu. Ndiyo kazi ya mwisho ya mkono wako, Baba, na ilikuwa moja tu.

Sasa sikia. Siwema alipokaza shingo nilimbeba mgongoni, tukaenda kwa Mwalimu Agnes, tukatoa karatasi za kujaribia. Zile zilizokolea wino vibaya tukampa muuza vitumbua afungie. Na nani akanunua vitumbua? Mzee Mkude, balozi wetu wa nyumba kumi. Unajua nyakati zenyewe: vita viko ng'ambo ya Ruvuma, redio inatuasa kila siku tuwe macho na wapelelezi. Mzee wa watu anafungua kitumbua chake, anakuta ramani. Vyumba. "Ghala." "Walinzi wanne." "Mlango wa siri."

Alikuja bandani mchana, katikati ya kipindi, karatasi inachuruzika mafuta.

"Shikamoo, mzee," darasa zima.

"Marahaba. Hii imetoka kwa nani?"

"Kwangu, mzee."

"Ramani ya wapi?"

"Ya pango la Baba."

"Baba yako, yule Mmakonde mchongaji? Alikuwa na pango?" Akina mama wakaanza kucheka. Akawageukia: "Nyie mnacheka, nchi ikivamiwa mtacheka?" Akaniuliza ilikochapwa. Stensili ilikuwa mezani mbele yangu. Akaichukua, akainyanyua juu kwenye mwanga. "Hiki ndicho cha kuchanwa, kabla hakijazaa vingine."

 Nilimwona ameishika kwa ncha za vidole, nta ile haiwezi hata kukunjwa. Nilitaka kulia. Lakini nikaona nikilia, atachana na kunipa pole. Nikamwambia, "Mzee, hiyo ndiyo iliyobaki ya mkono wa baba yangu. Ukitaka kuichana utaichana, mie sina nguvu za kukuzuia. Ila kwanza ingia ndani uone kuna nini. Balozi hahukumu nyumba ambayo hajaingia."

Akanitazama. Akaketi kwenye benchi, stensili mapajani. Nikatandika karatasi safi, nikaweka harage mdomoni mwa pango.

"Huyu ni wewe, mzee. Umeingia. Kulia unasikia ngurumo. Kushoto kunanuka moshi. Unafanyaje?"

"Mie?"

"Wewe."

Akaligusa harage kwa kidole. "Napiga hodi."

Darasa likavunjika mbavu. "Pango halina mwenyewe, mzee!" akapaza sauti Mama Pili, mwanafunzi wangu mtundu kuliko wote.

"Hakuna mahali pasipo na mwenyewe," akajibu, na hakucheka. Akakata shauri kwenda kulia. Akakutana na simba wa mawe, wale walinzi wako wanne. Unafanyaje? "Nawauliza kadi zao za chama." Nikampa kauri atupe. Zikalala vizuri, simba wakampisha! Mzee akanyoosha kola. Chumba cha pili akatembea kwa maringo, akatumbukia kisimani.

"Nimekufa?"

"Bado. Uko chini, giza, maji ya magoti. Unafanyaje?"

Sasa akaweka stensili mezani, Baba. Yeye mwenyewe, taratibu, ili mikono iwe huru. Akainama mpaka pua ikakaribia karatasi, kidole kinazunguka ukuta wa kisima, akina mama wamemzunguka wanapiga kelele huku na huku, Mama Pili anamwambia aombe kamba kwa mkewe. Kidole kikasimama.

"Hapa! Hapa hapajafungwa!"

 Nilikusikia ukikohoa na kucheka.

"Ndiyo, mzee. Umetoka."

Alifika ghalani jasho likimtoka. Wakati wa kuondoka akasema kwa sauti ya ofisi, "Juu yake muandike MCHEZO. Herufi kubwa." Mlangoni akageuka: "Na ile njia inayoishia ukingoni, inakwenda wapi?"

Nikamwambia, "Nitakuonyesha."

Tuliandika MCHEZO, tukachapa. Pango lako liko kwenye kuta za vyumba vya Keko na Chang'ombe, wapagazi wa Tandale wanalitandika juu ya magunia wakisubiri mizigo. Mama Pili, aliyekuwa akikwama kwenye herufi kila siku, alisoma "kisima" peke yake kwa sababu alikataa kutumbukia. Nilimpigia makofi mpaka Siwema akaamka.

Stensili yako imechakaa, Baba. Mistari imepanuka, nta imechanika pembeni. Haikuchanwa na mtu, imechoka kwa kazi kama mkono wa fundi. Nikachukua mpya, nikaukwaruza mwamba wako mstari kwa mstari, kisima nikaacha upenyo wake. Kisha nikachukua nyingine tupu. Nimeilaza ukingo kwa ukingo na ya kwako, na pale njia yako inapoishia, yangu inaanza. Hazikupishana hata unene wa uzi. Yangu ina milango mingi, na sitamhurumia mtu. Mzee Mkude ameshakuja kuulizia mara mbili.

Mama anasema nikuambie yeye bado ana sufuria tupu, na bado anangoja jibu.

Mtoto anajinyoosha, acha nimnyonyeshe. Harage liko ukingoni mwa karatasi yako, Baba. Navuka nalo.

Ni mie binti yako,
Mama Siwema
Temeke