Tovuti Yangu Iliamini Kikaratasi cha Kila Mgeni

Mpendwa Shangazi Losa, naomba msaada, maana tangu Jumanne naishi kama niko ndotoni. Mimi ndiye niliyetengeneza tovuti ya zahanati hapa Apia, na mbele yake niliweka seva ya mapokezi, inayofungua ujumbe uliosimbwa, yaani uliofichwa kwa msimbo, na kuupitisha ndani pamoja na kikaratasi kisemacho "huyu amekuja kwa njia salama", lakini mwanzoni tovuti haikukisoma, ikawa inamrudisha kila mtu mlangoni, anazunguka tu, nami kwa kuchoka nikaiamuru ikiamini kikaratasi cha yeyote yule, mambo yakanyooka, nikapongezwa kwa keki.

Basi Jumanne nilikuwa kisiwani Savaii, nyumba ya wageni inayotumia mtandao mmoja na zahanati ya huko, ambayo nayo hutuma taarifa kwenye tovuti yangu, mvua imekatika, mashelisheli yanachomwa, nimekaa barazani nusu usingizini nikichungulia mtandao kama ilivyo mazoea yetu mafundi, maneno yakaanza kupita kwenye kioo cha kompyuta yangu, wazi, taratibu, kama samaki kwenye maji ya kina kifupi, kumbe mashine ya zahanati ile huandika "salama" kwenye kila ujumbe, hata usiosimbwa, na tovuti yangu inakubali tu. Nikaona jina la binamu yangu Fuatino. Ana mimba ya miezi mitatu na kwao hakuna anayejua. Nesi Masina wa zahanati hiyo akapita akaniambia, "Dada, tovuti yako inatuonyesha kufuli la kijani, siku hizi tunajiachia tu," nikacheka naye. Nirekebishe kimyakimya, au niseme?

Talalelei, Apia

Talalelei mwanangu, pole, na sasa amka. Kikaratasi hicho mtu yeyote hujiandikia. Ulichoka na foleni ukamfumba macho mlinzi.

Leo hii, kabla ya chai, ikate mashine ya Savaii mpaka mawasiliano yake yasimbwe. Tovuti ipokee kikaratasi cha seva yako ya mapokezi peke yake, nayo seva hiyo ichane vyote vinavyoletwa na wageni, iandike chake. Nywila zote zibadilishwe. Hiyo habari ya kimyakimya sitaki kuisikia. Mwambie Masina na mkuu wake, na wagonjwa wote waambiwe, kwani si wewe peke yako mwenye kompyuta kwenye baraza lile. Utaona aibu, na ni haki yako kuiona.

Kisha panda feri ukakae na Fuatino. Usimshauri chochote kuhusu mimba. Mwombe radhi. Atakuuliza ni nani mwingine amesoma, nawe utamjibu ukweli, kwamba hujui.